Wiki Sita za Kajuk

Mke hakuwa naye, kwa kuwa Ilisapi alikuwa amelala chini ya mawe ya kilima cha kanisa kwa mwaka wa tatu sasa. Magego hakuwa nayo, kwa hiyo nyama iliyoganda aliinyonya kwanza kabla ya kuitafuna. Hakuwa na pikipiki ya theluji. Aliyokuwa nayo ilizama, naye hakununua nyingine. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye, ila wale wawili waliochukuliwa na kifua kikuu wakiwa wadogo. Kati ya mbwa kumi na mmoja waliowahi kumvuta hadi mwisho wa barafu na kumrudisha, kumi hakuwa nao tena. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, na la kulia lilikuwa linafuata. Na tangu aijue dunia, Iisaki Naullaq hakuwahi kuwa na ulimi wa kuomba.

Hilo la mwisho yeye hakulihesabu kuwa upungufu. Alilihesabu kuwa sifa. Ukutani mwake, juu ya meza, kilining'inia cheti cha darasa la jioni la watu wazima, alilohudhuria majira mawili ya baridi akiwa na miaka hamsini na minane, na hata kalamu ya kuandikia pale hakuiazima kwa mtu. Watu wa kijiji chake, Itilliq, walimjua hivyo. Akitaka chumvi, alikuja akaketi, akasifia supu, akasema kuwa ya kwake jana ilikuwa kama maji ya kunawia. Mwenye nyumba akielewa, chumvi ilimfuata nyumbani. Asipoelewa, Iisaki alikula bila chumvi.

Mbwa mmoja aliyebaki aliitwa Kajuk, kwa rangi yake ya kutu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale kumi na mmoja. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, sikio moja limekufa, na kinyume cha desturi alilala ndani ya kibaraza, mahali watu wanapovulia viatu. Vijana wenye pikipiki walimcheka Iisaki kwa hilo. Walisema siku moja watamkuta mbwa kitandani na mzee kibarazani. Iisaki aliwajibu kuwa siku hiyo wabishe hodi kwa adabu, maana mwenye nyumba ana meno.

Mwezi wa pili, jua liliporudi na kukaa juu ya vilima kwa saa chache, muuguzi wa zahanati alimmulika macho kwa kurunzi, akamwambia atakwenda kusini Alhamisi kwa ndege ya wagonjwa. Macho yote mawili yatapasuliwa, moja kwanza, kisha la pili likishapona la kwanza. Wiki sita.

Iisaki alitoka zahanati, akasimama kwenye baridi inayokausha pua, akafikiria mbwa.

Ndege haichukui mbwa asiye na sanduku lake, na hosteli ya wagonjwa haichukui mbwa hata mwenye sanduku. Kumfunga pwani pamoja na mbwa wa mashindano wa vijana wale ilikuwa sawa na kuwatupia nyama. Mpwa wake Siaja alikaa na watu kumi na wawili katika vyumba viwili. Na kumwacha huru azurure haikuwezekana kabisa, maana ofisi ya kijiji ilikuwa na mtu wake wa kupiga risasi mbwa wasio na mwenyewe, na huyo hakuwa mtu wa kuuliza maswali.

Akabaki baba yake.

Baba yake alikuwa na miaka arobaini na miwili. Jina lake la kanisani lilikuwa Makusi, lakini jina lake hasa lilikuwa la baba yake Iisaki, kwa sababu alizaliwa katika kambi ya mzee huyo mwezi mmoja baada ya mzee kufa, akapewa jina la marehemu, na kwa desturi yao tangu siku hiyo akawa baba. Iisaki, wakati ule mtu mzima mwenye mke, alimbeba baba yake mgongoni, akamfuta kamasi baba yake, akampa kisu chake cha kwanza. Makusi alipomuua sili wake wa kwanza, yule mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, akiwa na miaka tisa, kipande kizuri kuliko vyote alimpelekea mwanawe, na Iisaki akakipokea kwa mikono miwili kama mtoto. Kwa hiyo lilikuwepo jambo jingine lililomzuia ulimi. Mtu hamwambii baba yake la kufanya.

Jumanne adhuhuri akaenda. Makusi alikuwa amekaa sakafuni jikoni, injini ya pikipiki imetapakaa mbele yake juu ya boksi lililokunjuliwa. Pembeni, juu ya boksi jingine, kulikuwa na paja la kulungu wa kaskazini lililoganda, kisu kimesimama ndani yake.

"Ingia, mwanangu, ufunge mlango," alisema Makusi bila kuinua kichwa. "Usituchomee mafuta kwa kuipasha joto bahari."

"Baba, dude hili bado hujalitengeneza?"

"Nalitengeneza. Wiki ya tatu sasa. Naona lenyewe ndilo linanitengeneza mimi."

"Linamfundisha subira," alisema Miali, mke wa Makusi, akigeuza mkate kwenye kikaango. "Mimi nimejaribu miaka ishirini, nimeshindwa. Kaa ule, mwanangu mkongwe. Nywele zako zimekuwa nyeupe kuliko za baba yako."

"Baba amenirithisha miaka yake yote akabaki bila hata mmoja," alisema Iisaki, akaketi.

Walikula. Walizungumzia upepo, kisha barafu, kisha dubu aliyeonekana karibu na dampo. Chai ikanywewa. Ilipofika kikombe cha pili Iisaki akasema, "Alhamisi naondoka."

"Nimesikia."

"Macho. Wanasema wiki sita. Unajua wanavyosema."

Makusi aliinua nyusi kukubali. Alijua. Mama yake mzazi aliambiwa miezi mitatu, akapanda meli ya wagonjwa, na kilichorudi ni barua ya hospitali.

Iisaki alikizungusha kikombe mkononi. Neno lilikuwa fupi: nilishie mbwa wangu. Lilifika kooni, likakuta mlango umefungwa, likazunguka kutafuta njia ya nyuma.

"Kajuk amezeeka," alisema.

"Amezeeka."

"Sikio limekufa. Meno yamebaki ya kuonyesha tu."

"Alikuwa mbwa kweli," alisema Makusi polepole.

"Sitaki abaki pale peke yake anateseka na kunisubiri. Nikijua yuko mikononi mwako, nitalala. Si mikononi mwa yule wa ofisi. Mikononi mwako."

Makusi alichukua kitambaa, akajifuta mafuta ya injini kidole kimoja kimoja. Alijifuta kwa muda mrefu, hata vidole vilivyokuwa safi.

"Umefikiri vizuri, mwanangu?"

"Nimefikiri."

"Basi usiwe na wasiwasi. Nitamshughulikia mwenyewe."

"Nyama ya sili iliyoko ghalani kwangu, ichukue. Yote."

"Yote?"

"Mimi nitaifanyia nini huko kusini? Chukua."

Miali aligeuka kutoka kwenye kikaango. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akarudia mkate wake bila kusema neno. Kwa Miali hilo lilikuwa jambo la ajabu, na Iisaki aliliona, akadhani amemgusa kwa ukarimu wa nyama. Alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Alikuwa ameomba bila kuomba, na amekubaliwa bila kukubaliwa, na hakuna aliyeaibika.

Asubuhi ya Alhamisi alimvua Kajuk mikanda yake ya kuvutia sleji juu ya theluji, akaitundika kwenye msumari, kwa maana mbwa hatavuta kitu wiki sita na mikanda isiyotumika huchubua ngozi. Akampeleka kwa Makusi na kamba tu shingoni. Makusi alipomwona mbwa mtupu, bila mikanda, alitazama pembeni. Iisaki akachuchumaa, akamsemesha Kajuk kwenye sikio lililo hai, maneno machache yasiyokuwa ya watu wengine. Alipoinuka, Makusi alimshika mkono kwa mikono yake miwili asiuachie. Iisaki akadhani ni kwa ajili ya macho.

Kusini kulikuwa na miti, na miti ilimsumbua, kwa sababu ilimzuia kuona mbali hata kule alikokuwa bado na uwezo wa kuona. Hosteli ya wagonjwa ilikuwa na vyumba ishirini, na chumba kikubwa cha kulia ambamo kila jioni walipewa kuku na karoti zilizochemshwa hadi zikasahau kuwa karoti. Hapo ndipo alipokutana na Uluti.

Uluti alitoka Nuvuk, kituo kimoja mbele ya Itilliq kwenye njia ile ile ya ndege. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, ameletwa kwa ajili ya figo. Aliposikia jina la Iisaki aliweka kijiko chini.

"Marehemu wangu alikuwa Iisaki," alisema. "Basi umekuwa mume wangu. Sogea, umekalia kiti vibaya kama yeye."

"Sikuja huku kutafuta mke, mama."

"Wala mimi sikuja kutafuta mume, lakini ndiye aliyekuja na karoti. Kula."

Tangu hapo alimwita mume wangu mbele ya wauguzi na madaktari, na Iisaki alijifanya kukereka. Jioni walisimuliana. Siku moja alimwambia kuhusu Kajuk, na namna alivyomwachia baba yake bila kumtwisha mzigo wa ombi. Alisimulia kwa madaha kidogo, kwa kuwa jambo lile lilimpendeza. Lakini alisimulia kwa kifupi, kama kawaida yake, bila maneno yenyewe yalivyokwenda, na Uluti alisema tu kuwa mbwa huyo ana bahati kuliko yeye, ambaye ameacha nyumba mikononi mwa wakwe.

Jicho la kushoto lilipasuliwa wiki ya pili. Siku bandeji ilipotolewa, Iisaki aliona nyuzi za shuka. Aliona kovu kwenye kidole chake mwenyewe, ambalo alikuwa amelisahau. Muuguzi akamwambia asichoshe jicho, kisha akamkabidhi bahasha iliyofika kwa ndege, na Iisaki akaifungua pale pale, kwa kuwa ilikuwa na mwandiko wa baba yake, zile herufi za kwao za pembe na vikono, kubwa na zilizoinama kama watu wanaokabili upepo.

Aliisoma mwenyewe, katika chumba cha kulia, karibu na dirisha.

"Mwanangu Iisaki. Sisi ni wazima. Miali ana kikohozi lakini hakijamzuia kusema. Nakuandikia kwa aibu. Lile uliloniomba nimeshindwa. Jumamosi baada ya wewe kuondoka nilimpeleka Kajuk nyuma ya kisiwa, pale ulipomfundisha kuongoza. Nilimpa mafuta ya sili kwanza ili afurahi. Akala, akalala juu ya mguu wangu. Nikasema nitasubiri ainuke. Hakuinuka. Mguu ulikufa ganzi, baridi ikaniingia, nikarudi naye. Jumatatu nikaenda tena na bunduki. Safari hii alitangulia yeye, akanyoosha njia kama zamani, kisha akasimama akakataa kwenda. Nilimkaripia. Nikapita mbele yake, nikaona ufa uliofunikwa na theluji laini, hatua mbili tu. Mbwa aliyenionyesha ufa sikuweza. Nisamehe. Nyama yako niliyopokea nimeila nusu na hainishuki vizuri. Kesho naenda kambi ya kulungu, nitarudi siku ya mwisho ya mwezi. Kajuk yuko na Miali. Nikirudi nitamwomba yule wa ofisi, maana yeye hamjui na mkono wake hautatetemeka. Ulisema si yeye, lakini sina mwingine. Usinikasirikie. Mimi baba yako."

Iisaki aliisoma mpaka mwisho, akaisoma tena kutoka mwanzo. Jicho jipya likaanza kutoa machozi, na muuguzi alikuwa amesema litatoa.

Sasa aliyasikia maneno yake mwenyewe kama mtu mwingine ayasemavyo. Amezeeka. Sitaki ateseke. Mikononi mwako, si mikononi mwa yule. Na nyama yote, na mbwa aliyevuliwa mikanda. Miaka ishirini nyuma mzee mmoja wa kambi yao, macho yakiwa yamemwisha, alikuja kwa Iisaki akanywa vikombe viwili vya chai na kumwambia maneno hayo hayo juu ya jike lake la kijivu, na Iisaki hakuhitaji kuuliza alikuwa akiombwa nini. Alichukua bunduki asubuhi yake. Hivyo ndivyo wenye mbwa wanavyoombana jambo hilo, maana hakuna anayeweza kulitaja. Yeye, aliyejisifu kuwa anajua kusema kwa kuzunguka, alikuwa amezunguka mpaka akaingia mlango wa jirani.

Na alikuwa amemtembeza baba yake barafuni mara mbili na bunduki.

Uluti alikuja na chai, akamwona uso. "Nani amekufa, mume wangu?"

"Bado," alisema Iisaki, akampa barua.

Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye mguu uliokufa ganzi aliketi. Alipomaliza aliuliza, "Ulimwambiaje?"

Iisaki akamwambia, neno kwa neno.

"Ungeniambia mimi hivyo," alisema Uluti, "ningekwenda na bunduki kabla ndege yako haijapaa."

"Najua."

"Leo tarehe ishirini na nne. Hapo kuna redio. Kesho jioni wanatuma salamu za wagonjwa, kaskazini nzima inasikiliza. Sema: baba, usiue mbwa. Maneno matatu."

Iisaki alikunja pua kukataa. "Kaskazini nzima itasikia kwamba Makusi alienda mara mbili akarudi na mbwa. Vijana watamwimbia hilo mpaka azeeke. Ameniandikia mimi, hakuwaandikia wao."

Uluti alifikiria, akainua nyusi. "Hilo ni kweli. Basi andika. Mimi narudi Ijumaa. Ndege itatua kwenu Jumamosi nusu saa, na mimi nitakuwa ndani yake. Nitampa Miali mkononi, hata kama nitaburuta figo zangu kwenye theluji."

Iisaki akaomba karatasi kwa muuguzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kitu kwa kinywa chake tangu aje, ila hakutambua.

Aliandika usiku haujaingia, kwa kuogopa kulichosha jicho. Uluti alivuta kiti, akanyoosha mkono kuitaka.

"Baba," alisoma kwa sauti, "nimefurahi kusikia mko wazima. Kuhusu Kajuk, kama bado yupo, usijisumbue." Aliiweka chini. "Usijisumbue. Umemwua sasa hivi. Atasema mwanangu amenihurumia, ngoja nimwite wa ofisi haraka yaishe."

Iisaki alichukua karatasi nyingine. Safari hii alikaa muda mrefu zaidi.

"Kajuk hupenda nyama yake ipashwe moto kidogo," alisoma Uluti, "hasa wakati huu." Akamtazama juu ya karatasi. "Wakati upi? Hicho ni chakula cha kuagana, mume wangu. Hata mimi nimepata njaa ya huzuni."

"Kwetu mtu hamkabili baba yake na kumwambia fanya hivi, acha vile."

"Kwani kwetu ni wapi, mwezini? Kwetu ni hivyo hivyo."

"Basi unataka niandike nini?"

Uluti aliinamia meza. Alikuwa anakunja pembe ya karatasi iliyoharibika, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mwaka ule alipopotea marehemu," alisema, "ilikuwa mwezi wa sita, barafu imeshaanza kuwa nyeusi. Alikuwa anafunga mizigo. Mimi nilikuwa nimelala nikaota maji. Sikutaka aende. Nikamwambia, barafu mwaka huu inaonekana nyembamba. Akasema, ndiyo, inaonekana. Nikamwambia, watoto wanapenda ukiwa nyumbani. Akasema, nami napenda. Nikamfungia chai kwenye chupa. Akaenda." Aliikunjua karatasi mara ya mwisho, akailainisha kwa kiganja. "Neno lilikuwa moja tu. Usiende. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona nitakuwa mke anayempangia mume njia, na ndugu zake wako mlangoni wanasikia. Miaka tisa sasa nalisema kila siku, na wa kuambiwa hayupo."

Nje, gari la kuondoa theluji lilipita likikwangua barabara. Iisaki hakusema pole, kwa maana Uluti hakusimulia ili apewe pole.

"Sasa nenda ukaandike," alisema Uluti, "wala usinipe nisome. Nimechoka kuwa mwalimu."

Alhamisi asubuhi, mwanga ulipokuwa mzuri, Iisaki alikaa peke yake karibu na dirisha. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, kwa kuwa lilimchanganya, akaandika kwa lile jipya. Aliandika polepole, kama alivyofundishwa na mama yake kwenye kambi, herufi moja ikikauka kabla ya nyingine.

"Baba. Nimepata barua yako. Kosa ni langu. Mimi sikutaka Kajuk afe. Nilitaka umlishe mpaka nirudi. Nilikaa jikoni kwako, nikanywa chai yako, nikashindwa kusema neno moja, nikasema mengine yote. Sijawahi kuomba kitu na nilijisifu kwa hilo, na leo naona nilikuwa nawatwisha watu kazi ya kubahatisha. Sasa nakuomba. Nilishie Kajuk. Usimwite wa ofisi. Mruhusu alale kibarazani, na wakicheka, waambie ni agizo la mwanao mjinga. Mikanda yake iko kwenye msumari kwangu, mvalishe, ili watu wajue bado ana kazi. Nyama ile ni yake na yenu, kuleni ishuke vizuri. Wakishamaliza jicho la pili nitakuja. Kuna jambo jingine. Uliporudi naye mara mbili hukushindwa. Asante kwa mguu wako. Mimi mwanao, Iisaki."

Aliisoma mara moja tu. Aliona aibu ikimpanda shingoni kama maji ya moto, akangoja ishuke, haikushuka, akakunja karatasi hivyo hivyo.

Ijumaa Uluti aliteremka na begi lake na koti kubwa la ngozi, kofia yake ya manyoya imetupwa mgongoni. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma mlangoni, na dereva alishaangalia saa mara mbili.

"Umeandika, mume wangu?"

"Nimeandika."

"Neno lenyewe limo?"

"Limo. Mara mbili."

"Dereva, subiri," alisema Uluti. "Mzee huyu anajifungua."

Iisaki alilamba ukingo wa bahasha, gundi ikiwa na ladha ya chenga za samaki wa zamani, akaubana kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine. Hakuridhika. Akamgeukia muuguzi aliyekuwa mezani, akamwambia, "Naomba utepe wa kubandika," na muuguzi akampa, akazungushia bahasha mara tatu. Kisha akageuza upande wa mbele, na kwa jicho moja akaandika jina la baba yake, kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyesimama mbali.

Uluti aliipokea, akaitia ndani ya koti upande wa moyo, akafunga vifungo vyote hadi kidevuni, akapanda gari.